Barua Niliyoitafsiri Nusu

Jumanne, 4 Machi

Nimepata. Naanza na neno hilo kwa sababu mchana kutwa nimeshindwa kulitoa mdomoni.

Bahasha aliileta Mjomba kutoka posta, imelowa jasho maana aliificha ndani ya shati lake la gereji kana kwamba kaiiba. Nimekubaliwa Chuo cha Meno, miaka mitano. Mama aliniuliza, "Inasemaje?" nikaitikia kwa kichwa. Akainua mguu kwenye cherehani. Mama hainui mguu kwenye cherehani hata simu ikilia.

"Sema basi, tukusikie," Mjomba akanichokoza. "Au ndiyo umeshaanza udaktari, mdomo unaufungua wa mwenzio tu?"

Tangu leo ananiita Daktari Kimya.

Barua ilikuwa kwa lugha ya shule. Barua zote za ofisini huja kwa lugha hiyo. Hii yetu Mama anaisoma haraka kuliko mimi, ila ile ya shule hajui hata salamu yake, kwa hiyo tangu nina miaka tisa mimi ndiye msomaji wa barua wa nyumba hii. Barua ya umeme, ya mwenye nyumba, ya hospitali baba alipokuwa amelazwa. Zote zimepita kinywani mwangu kabla ya kumfikia Mama. Kwenye daftari hili nitaandika lugha yetu. Ile nyingine naitumia kujibu mitihani, na siku hizi nimechoka kujibu.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma ukurasa wa pili, wa ada. Bora ningebaki kwenye wa kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yako hivi. Bodi ya Mikopo italipa nusu ya ada, nami nitairudisha nikianza kazi. Nusu ya pili na bweni ni juu yetu. Uthibitisho wa malipo ufike kabla ya tarehe 30 Mei, la sivyo nafasi anapewa anayefuata. Mwaka wa pili kuna kitu wanakiita sanduku: koleo, vioo, sindano, mashine ndogo ya kuchongea jino. Kila mwanafunzi anajinunulia lake.

Mama hahesabu kwa pesa, anahesabu kwa sare za shule, maana ndizo anazoshona. Aligawa kiasi kinachopungua kwa faida ya sare moja.

"Mia nne na kumi na mbili kwa mwaka," akasema. "Bila kula, bila kodi."

Mwaka jana mzima alishona mia mbili na sitini, na tulikula.

Jumamosi, 8 Machi

Jumamosi huwa nafanya kazi kwenye kliniki ya meno iliyo nyuma ya stendi. Nachemsha vifaa, nachanganya plasta ya vipimo, naosha vikombe vya kusukutulia. Daktari ni mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. Nilimwonyesha barua. Akaisoma amesimama, glovu moja mkononi.

"Kuna Mfuko unaosomesha watu wa afya wasio na uwezo," akasema. "Fomu ina kurasa kumi na moja. Ukiacha kisanduku kimoja wazi wanaitupa. Mimi nimemaliza kulipa mkopo wangu mwaka juzi, na nina miaka arobaini na mbili. Usicheke."

"Sijacheka, Daktari."

"Najua. Ndilo tatizo lako. Mgonjwa anamwogopa mtu asiyecheka akiwa ameshika koleo."

Sikumwambia kwa nini nafunika mdomo nikiongea. Sina jino bovu hata moja. Ni sauti tu, naona kama inamtoka mtu mwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Tumejaza fomu. Nilisoma, Mama akajibu huku anakata kola.

"Kipato cha kaya kwa mwezi?"

"Andika tunashukuru."

"Mama, wanataka namba."

"Ya mwezi gani? Januari nashona mpaka vidole vinaingia ganzi, Machi nashona vifungo."

"Andika 'inategemea'," Mjomba akadakia kutoka mlangoni, mikono imejaa grisi.

Mwishowe tukajumlisha miezi kumi na miwili tukagawanya. Mama akaitazama ile namba niliyoiandika, muda mrefu, kama mtu anayeangalia picha yake na haipendi.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Basi ifunge fomu. Mama Pacha asije akaiona."

Mama Pacha ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Ana watoto pacha, sofa ya vipande vitatu, friji, na masikio.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza. Bati linavuja sehemu tatu. Tumesogeza cherehani.

Jumamosi, 22 Machi

Inavuja sehemu nne.

Alhamisi, 27 Machi

Nimefanya kitu. Nikiandike kabla sijakipamba.

Barua ya Mfuko imefika. Nimevuka mchujo wa kwanza. Halafu kuna sentensi hii, naitafsiri hapa neno kwa neno: "Afisa wetu atafika nyumbani kwenu Jumanne tarehe 8 Aprili, saa nne asubuhi, kukagua na kuthibitisha kiwango cha umaskini wa kaya."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, sindano mdomoni, ananisubiri. Nikalifikia lile neno, umaskini. Limekaa wazi pale, kwa wino mweusi, na muhuri chini yake. Nikamwona alivyoitazama ile namba siku ile. Nikasema:

"Mgeni wa ofisini atakuja kutusalimia Jumanne, tarehe nane, saa nne asubuhi."

Akatoa sindano mdomoni. "Mgeni? Kwetu?"

"Ndiyo."

"Mbona hujafurahi? Mtu haji kukutembelea kama hajakupenda."

Uso uling'aa. Nikakunja barua nikaitia kwenye begi. Nilijiambia nitamweleza vizuri kesho.

Ijumaa, 28 Machi

Sikumweleza.

Alhamisi, 3 Aprili

Sijamweleza. Amepaka chokaa ukuta wa mbele. Mvua ikikatika tu anatoka na brashi.

Jumanne, 8 Aprili

Nilirudi kutoka dukani saa tatu asubuhi nikakuta mlango wetu umejaa sofa.

Haipiti. Mjomba yuko ndani anavuta, mume wa Mama Pacha yuko nje anasukuma, Mama Pacha mwenyewe amesimama pembeni anapiga kelele, "Mguu! Mguu wa sofa yangu!" Mama amevaa gauni la harusi za watu. Friji ilikuwa imeshaingia. Zulia limeingia. Pazia jipya limetundikwa pale bati linapovuja. Kigoda, ndoo na beseni vimefichwa chooni.

"Mama," nikasema.

"Nenda kanawe, mwanangu. Mgeni saa nne."

"Mama, sikiliza."

"Utaniambia baadaye. Shika kona hiyo."

Nikashika kona. Kweli, nilishika kona ya sofa nikasukuma. Naandika ili nisije siku moja nikasema sikuwepo.

Jua lilikuwa linawaka, siku ya kwanza kavu baada ya wiki nzima. Hata mvua ilitusaliti.

Afisa alifika saa nne na dakika tano. Mwembamba, suruali imepigwa pasi, mkoba mkononi, faili kwapani. Moyoni nilimbandika jina Bwana Faili. Mama akampokea mkoba, akamkalisha kwenye sofa, akammiminia chai kwenye vikombe vya Mama Pacha vyenye ua la dhahabu. Bwana Faili alikuwa anaandika huku anatabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu aliye kazini.

"Hii friji ni yenu?" akauliza kwa lugha yetu.

"Karibu maji ya baridi," Mama akajibu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mama hasemi uongo kirahisi, lakini kwa mgeni atauzungushia maua.

Kisha Bwana Faili akanigeukia mimi, akauliza kwa lugha ya shule, polepole: hivi ndivyo mnavyoishi siku zote?

Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mama hakuelewa swali, alikuwa ananitazama anatabasamu, ananitia moyo, anajivunia kwamba mwanawe anaulizwa jambo kwa lugha ile na atajibu. Dirishani kulikuwa na kichwa cha Mama Pacha.

Nikajibu: ndiyo.

Akaandika. Akashukuru kwa chai, akaondoka.

"Umeongea vizuri sana," Mama akaniambia. "Ulimjibu nini?"

"Nimemwambia tumefurahi."

Jumatano, 9 Aprili

Sofa imerudi kwa mwenyewe. Mguu mmoja umechubuka, Mama atashona sare za pacha bure.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Kliniki, wagonjwa wawili tu. Daktari kauliza ukaguzi ulikwendaje. Nimesema vizuri. Nazidi kuwa hodari wa neno hilo.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Mama ameniuliza mara mbili kama yule mgeni wetu ameandika.

Alhamisi, 24 Aprili

Wamekataa. "Hali ya kaya haikidhi kigezo cha uhitaji. Rufaa ndani ya siku kumi na nne."

"Wanasemaje?" Mama aliuliza.

"Waombaji walikuwa wengi."

Akasema jambo ambalo sitalisahau: "Ni ile chai. Niliona hakuimaliza. Sukari ilizidi."

Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua kama mjinga.

Jumatatu, 28 Aprili

Mjomba alinisogelea nikiwa naosha vyombo. Kwa mara ya kwanza hakutania.

"Dada anataka kuuza cherehani."

"Ipi?"

"Kwani ana ngapi? Ile. Mtu wa sokoni atakuja Ijumaa kuiangalia. Anasema atabaki na sindano ya mkono, atatia viraka."

"Hiyo haifikii hata robo ya ada."

"Nimemwambia. Haambiliki. Anasema ameharibu mambo yako kwa chai, lazima ayatengeneze."

Nilikuwa nimeshika sahani. Sijui niliishika muda gani.

Nimezoea kujiona mtu mpole. Watu wote husema hivyo: mtoto mpole, hana neno na mtu. Leo nimeona kwamba upole wangu una mgongo wa Mama chini yake, na umemkalia.

Ijumaa, 2 Mei

Mtu wa sokoni alikuja saa mbili. Akainamia cherehani, akazungusha gurudumu, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Akataja bei. Mama akafungua kinywa kukubali.

Nikasema, "Haiuzwi."

Sauti ilikuwa kubwa mno. Mtu wa sokoni aligeuka kutafuta ni nani.

"Wewe!" Mama akashangaa.

"Haiuzwi, mzee, samahani kwa usumbufu. Nina jambo na mama yangu."

Alipoondoka nilichukua zile barua mbili za Mfuko kutoka kwenye begi, nikapiga magoti mbele ya kigoda chake. Nikamsomea barua ya Machi upya. Sentensi kwa sentensi, kwanza kama ilivyo, kisha kwa lugha yetu. Nilipofika kwenye kukagua na kuthibitisha kiwango cha umaskini wa kaya nilisita, nikapiga moyo konde, nikasema lote. Kisha nikasoma ya Aprili. Kisha nikamwambia swali la Bwana Faili na jibu langu.

Mvua ilikuwa inapiga bati, ilibidi nirudie baadhi ya maneno kwa sauti ya juu. Kusema makosa yako kwa kupaza sauti ni adhabu ya peke yake.

Mama hakulia, wala hakunipiga. Aliuliza swali moja.

"Ulinionea aibu?"

"Sikutaka ulisikie lile neno."

"Neno gani? Umaskini?" Alilitamka kama mtu anayetaja jina la ndugu yake. "Mimi ndiye ninayelala nalo, mimi ndiye ninayelipikia. Ulidhani sijui linaitwaje?"

Nikazikunja zile barua.

"Mwezi mzima nimekaa na chai ile kichwani," akasema. "Mwezi mzima naipima sukari."

Akarudi kwenye cherehani akashona mpaka mchana bila kunitazama.

Jumamosi, 3 Mei

Haongei nami. Nimekwenda kliniki, nikamweleza Daktari ukweli wote. Alivua glovu zote mbili. "Rufaa mwisho lini?" Nikasema tarehe nane. "Basi huna muda wa kujihurumia. Jihurumie tarehe tisa."

Jumapili, 4 Mei

Haongei nami. Ameniwekea chakula, amekifunika.

Jumatatu, 5 Mei

"Rufaa maana yake nini?" Mama aliuliza asubuhi, mgongo amenipa. Ndiyo maneno ya kwanza tangu Ijumaa. Nikamweleza. "Basi andika. Ukimaliza, utanisomea."

Jumanne, 6 Mei

Niliandika kurasa mbili kwa lugha ya shule, nzuri, zenye maneno marefu. Jioni nikamsomea Mama, nikitafsiri kila sentensi. Mjomba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, shahidi.

"'Kwa unyenyekevu mkubwa naanguka miguuni penu,'" nikatafsiri.

"Nani kaanguka?" Mama akauliza.

"Ni adabu ya barua, Mama."

"Toa. Tunasimama."

Nikafuta.

"'Kutokana na kutoelewana kulikojitokeza—'"

"Kulijitokeza wapi? Porini? Sema aliyefanya."

"Hapo kakukamata," Mjomba akasema.

Nikafuta, nikaandika: Mama yangu hasomi lugha hii. Mimi ndiye niliyemsomea barua yenu, na sikumwambia yote iliyoyasema. Vitu mlivyoviona ni vya jirani. Nilipoulizwa nikasema uongo.

Barua ikabaki nusu ukurasa.

"Sasa umeandika," Mama akasema. Kisha, bado hanitazami: "Ile namba ya kipato. Iweke tena, herufi kubwa."

Alhamisi, 8 Mei

Niliipeleka kwa mkono, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi. Nilitembea kwenye matope mpaka magoti. Karani wa Mfuko yuko nyuma ya kioo chenye kitundu.

"Sema kwa sauti, sisikii."

Nikasema tena.

"Unanong'ona na nani?"

Nikaondoa mkono mdomoni. "RUFAA!" Foleni nzima ikanyamaza. Akagonga muhuri.

Bwana Faili alipita kwenye korido. Akanitambua. "Nyumba ya friji," akasema, na kuendelea na safari yake. Nilimchukia mpaka nyumbani.

Ijumaa, 16 Mei

Wameita. Tarehe 20, niende na mzazi.

Jumanne, 20 Mei

Tulifika saa moja kabla ya wakati. Mama alivaa gauni lake la kazi, safi, lenye nyuzi kwenye pindo. Nilimuuliza kama hataki lile jingine. "Hili ndilo langu," akasema.

Chumba kidogo, meza ndefu. Mwenyekiti ni bibi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kulia kwake mhasibu wa Mfuko. Bwana Faili kakaa ukutani, faili magotini. Nilikuwa nimekariri maneno yangu kwa lugha ya shule siku nne mfululizo. Mwenyekiti akasema, "Tuongee lugha yetu, mama asikie mwenyewe. Hapa hakuna mtihani." Maneno yangu yote yakamwagika sakafuni.

"Mama," Mwenyekiti akaanza, "kwa nini ulituonyesha vitu visivyo vyako?"

"Niliambiwa anakuja mgeni," Mama akajibu. "Ningejua mnakuja kuangalia shida, ningewaonyesha shida. Hiyo ninayo, haihitaji kuazima."

Mhasibu alicheka, akajikohoza.

"Barua ilisema wazi tunakuja kukagua. Nani alikwambia ni mgeni?"

Imeandikwa kwenye rufaa, na rufaa ilikuwa mbele yake. Lakini alitaka kuisikia. Mama aliitazama meza. Alikuwa na haki zote za kuninyooshea kidole, na mimi nilisubiri anyooshe.

"Sikumbuki," Mama akasema.

Mama yangu, ambaye nimemfanya apime sukari mwezi mzima, alikuwa ananisitiri mbele ya watu wa ofisini kwa uongo mbovu ambao hata mtoto asingeuamini.

Nikasimama.

"Ni mimi. Barua ilisema kiwango cha umaskini wa kaya. Nikaogopa kulisema neno hilo mbele yake. Yeye hakuogopa kulisikia, sikumpa nafasi. Na Afisa aliponiuliza nikasema ndiyo, kwa sababu Mama alikuwa anatabasamu."

Mhasibu akaegemea kiti. "Ulisema uongo tarehe nane Aprili. Tukuamini leo kwa nini?"

"Msiniamini," nikasema. "Njooni muone. Msiseme siku, msiseme saa."

Ukutani mtu akakohoa.

"Friji haikuwa na waya unaofika kwenye umeme," Bwana Faili akasema. "Na alama za miguu ya sofa zilikuwa mbichi sakafuni. Niliandika. Ukurasa wa nne, maelezo ya ziada."

Mhasibu akapekua. "Ukurasa wa nne sinao."

"Huwa hauombwi."

Mwenyekiti akavua miwani, ikaning'inia. "Kuanzia leo unaombwa."

Tulipotoka nilimtazama Bwana Faili. Viatu vyake vilikuwa na matope mpaka kwenye kamba. Yeye naye hutembea mpaka kwa watu, na sikuwahi kulifikiria hilo.

Njiani Mama akanishika mkono. "Kelele zote zile ulikuwa umezificha wapi?"

Alhamisi, 22 Mei

Amekuja. Saa tano, mvua ya kufa mtu. Mama alikuwa anashona katikati ya ndoo mbili. Bwana Faili alisimama mlangoni akichuruzika maji.

"Leo hakuna chai mpaka umalize," Mama akamwambia. "Siku ile ulikuwa mgeni. Leo kagua."

Akakagua. Akahesabu ndoo. Akataka kukaa, nikampa kigoda, tone likampiga kwenye faili, akasogea, jingine likamfuata. Mjomba akamwambia, "Hapo umekaa sebuleni, hama jikoni." Bwana Faili akacheka, na meno yake ya mbele yana mwanya mzuri ambao sikuuona kwa sababu sikuwahi kumtazama usoni.

Alipofunga faili Mama akampa chai. Aliimaliza.

Jumanne, 27 Mei

Wamekubali. Nusu ya ada iliyobaki, na bweni. Mwaka mmoja mmoja. Nikipata alama pungufu, basi. Watakuja kukagua kila mwaka bila kusema siku. Sanduku la vifaa hawalipi.

Nilimsomea Mama yote, hata lile la sanduku, hata lile la alama.

"Sanduku ni sare ngapi?"

"Mia moja na tisini, likiwa jipya. Daktari anasema wanaomaliza huuza ya kwao. Nitafanya kazi kliniki kila likizo."

"Basi tuna mwaka mmoja na nusu," akasema, akavuta kitambaa kingine. Ni kama vile tumekata tiketi mpaka katikati ya safari. Lakini tumepanda.

Alhamisi, 29 Mei

Leo tulikwenda ofisi ya ada chuoni kukamilisha. Uthibitisho wa Mfuko ukapokelewa. Ukabaki mkataba wa mkopo, ambao lazima mzazi ausaini kama mdhamini. Kurasa sita, lugha ya shule, nakala mbili. Karani, kijana mwenye haraka, alimsukumia Mama kalamu na kumwonyesha mstari.

"Hapa na hapa, mama."

Mama hakuishika kalamu. Akanigeukia. "Nisomee."

"Ni mkataba wa kawaida," karani akasema. "Wote wanasaini."

"Mwanangu, nisomee."

Nyuma yetu kulikuwa na foleni mpaka nje, watu wamebeba miavuli inayochuruzika. Nikaanza. Nilisoma riba. Nilisoma muda. Nilifika kwenye kifungu cha tisa, na sikupunguza sauti: "Mwanafunzi akishindwa kulipa, kwa kufeli, kuugua au kufa, deni lote litadaiwa kwa mdhamini, na mali yake inaweza kukamatwa."

"Rudia hicho," Mama akasema.

Nikarudia. Neno kufa nikalisema kama lilivyo.

"Mali yangu ni cherehani," akamwambia karani. "Waandikie ni ya miguu, wasije wakatafuta ya umeme."

Kuna mtu kwenye foleni alicheka. Mwingine akasema, "Jamani, tutalala hapa?"

Mama akasaini, taratibu, jina lake lote. Karani akavuta karatasi, akagonga muhuri, akamsogezea nakala ya pili.

"Hapa tena. Anayefuata ajiandae."

Mama akaweka kalamu chini. "Nisomee na hii."

"Mama, ni ile ile."

"Nisomee."

Karani akaangalia saa. Foleni ikaguna. Nilisogeza karatasi karibu na mwanga, nikarudi ukurasa wa kwanza, nikasoma kwa sauti, na hata waliokuwa mlangoni walinisikia.